Jumatano za Mhadhiri

Watu wa kwetu wakikutana hapa Toronto, iwe harusini iwe matangani, mazungumzo yakianza kufifia kuna mmoja lazima atasema, "Jamani, mnamkumbuka Mhadhiri?" Basi hapo utaona watu wanavyojisogeza. Huyu ataiga sauti yake, yule ataiga mikono yake, mwingine atasimulia siku aliyomsimamisha mama mzima katikati ya ukumbi akamfanya jua. Watacheka mpaka watoto waje kuuliza kuna nini. Na mimi nacheka nao, tena cheko langu ndilo kubwa. Lakini nikifika kwangu nakaa kwenye kiti cha mlangoni, koti sijavua. Wao walimpoteza mtu wa kuwachangamsha. Mimi nilitaka abaki.

Nimelisema mapema ili tusizungushane. Nilitaka yule bwana abaki Toronto, theluji ikiyeyuka asiende popote, na kama angebaki, abaki kwangu. Nilikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, akili zangu timamu, si msichana wa kudanganywa na nyimbo za redioni. Nilimpenda. Anayetaka kuniuliza mbona sikusema, asubiri, nitafika huko.

Alizaliwa wapi na ukoo wake nani, hayo sitayagusa. Mwenyewe alikuwa akiulizwa anajibu, "Mimi nimetoka safarini," kisha anauliza swali lake na wewe unasahau la kwako. Tulijua tu kwamba zamani alisomesha jiografia sekondari, bara huko, na kwamba alikuja Amerika kusoma zaidi na masomo yakamshinda, au yeye aliyashinda, inategemea siku unayomuuliza. Baadaye akajitafutia kazi ambayo sijamwona mtu mwingine akiifanya: alizunguka miji ya Marekani na Kanada yenye wasemaji wa Kiswahili, kwa mabasi ya masafa marefu, akihadhiri. Si siasa, si dini. Alihadhiri juu ya vitu. Chumvi. Sindano. Mbu. Kwa nini reli ilipita hapa haikupita pale. Kwa nini nazi inaelea.

Majira ya joto alikuwa huko kwenye miji ya Wamarekani. Baridi ilikuwa ya kwetu. Alisema jua likiwaka watu wanachoma nyama bustanini, hawana haja ya mtu mwenye maneno. Baridi ikiingia, kila mtu anakumbuka kwao na anataka kukaa karibu na anayesema lugha yake. Kwa hiyo miti ikishapukutika tu, tunasikia Mhadhiri kafika, na sufuria zinaanza kutolewa kabatini.

Alikuwa analala kwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, North York. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga kama mimi, aliyekuwa na duka la vitambaa kule na akafungua jingine huku. Kiswahili chake, ukifumba macho, unajiona uko sokoni Tanga asubuhi. Kwangu mimi alikuwa zaidi ya mwenyekiti. Mume wangu alipofariki, mjomba wangu alimpigia simu kutoka nyumbani akamkabidhi mimi rasmi: "Huyo mwanangu, wewe ndiye mkubwa wake huko." Mzee akalipokea jambo hilo kwa uzito wote. Akawa anakuja kila Ijumaa kunijulia hali, anafungua mpaka friji kuona kama tunakula.

Chakula cha Mhadhiri kilikwenda kwa zamu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kumlisha, na siku yangu ilikuwa Jumatano. Nilikuwa naishi Jane and Finch, ghorofa ya juu, mimi na binti yangu Mwanaidi. Mjane kumkaribisha mwanamume ni jambo la kuangaliwa, kwa hiyo tulifanya kama tulivyolelewa: Mwanaidi anakaa nasi mezani, na mlango wa mbele tunauacha wazi kidogo. Jirani yangu Mjamaika kila Jumatano aliuliza kwa nini tunapasha joto korido nzima. Mimi nikamjibu kwamba sisi ndivyo tulivyo.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya kuvuta. Alianza taratibu, chini kabisa, mpaka wale wa nyuma waache kunong'ona wenyewe, na mtu akikohoa anatazamwa vibaya. Alianza kila mhadhara kwa kusema, "Sitawachelewesha, maneno yangu ni mawili tu." Wallahi, hayo mawili yaliweza kuchukua jioni nzima. Tulikodi chumba cha sherehe chini ya ghorofa letu, na yule mtunza jengo akawa anasimama mlangoni anachezesha funguo zake kwa makusudi. Mhadhiri akisikia zile funguo anasema, "Naam, mwenzetu amenikumbusha jambo," kisha anaanza jambo jipya. Huyo ndiye mtu aliyekuwa na mhadhara mzima juu ya kuheshimu muda! Aliutoa mara mbili, na mara zote mbili alichelewa kufika.

Siku ya jua ilikuwa hivi. Mama mmoja Mkongo, mnene, mcheshi, alilalamika ukumbini: kwa nini jua la Toronto linawaka hivi na mtu anaganda? Jua gani hili la uongo? Mhadhiri akafurahi kama kaletewa zawadi. Akamwomba yule mama asimame katikati. "Wewe ndiye jua." Akachukua chungwa mezani, akalichoma kijiti, akamzunguka yule mama polepole huku chungwa limeinama, akituonyesha Tanga iko wapi na Toronto iko wapi, na kwamba jua hatuliangalii usoni, linatupita pembeni. "Hatukuchukiwa," akasema. "Tumeinamishwa tu kidogo." Watu walipiga makofi. Yule mama hakutaka kukaa tena. Baridi yote ile, ukikutana naye kituo cha basi anakwambia, "Salamu kutoka kwa jua."

Mimi nimeishi hapa tangu nikiwa bibi harusi, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwa nini nasikia baridi. Yeye ndiye aliyenieleza. Huenda ndipo nilipoanza kumpenda, sijui. Mambo haya hayana saa.

Koti lake lilikuwa la kuazima, la mtu mwenye mabega mara mbili ya yake. Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi ya kupunguza na kurekebisha nguo kwenye duka la dobi, kwa hiyo jambo lile liliniuma kitaaluma. Jumatano moja nikamwambia, "Mhadhiri, vua hilo hema." Akavua. Nikalifumua mabega, nikalipunguza mikono, nikaliwekea bitana ya satini ya kijani ambayo nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Alipolivaa akajitazama kwenye kioo cha mlangoni muda mrefu, akasema, "Mama Mwanaidi, sasa nitalazimika kuwa mtu wa maana." Glovu alikataa katakata. Alisema mikono yake ndiyo nusu ya maneno. Akawa anatembea na mikono mitupu, vidole vimepasuka, na mimi nampa mafuta ya nazi kwenye kichupa, namwambia ni ya nywele ili asione haya kuyapokea. Nywele zenyewe hakuwa nazo.

Na subira hakuwa nayo hata chembe. Mtu yule angeweza kukueleza kwa utulivu namna mlima unavyojengeka kwa miaka isiyohesabika, lakini basi la Finch likichelewa anapiga miguu chini kama mtoto aliyenyimwa peremende. Nilimwambia siku moja, "Mwalimu wa milima, basi tu linakushinda?" Akasema, "Mlima hauna ratiba ukutani. Hawa wameandika wenyewe!" Tulicheka mpaka basi likaja likatupita.

Kulikuwa na suala la watoto. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza, na sisi wazazi tunawafokea, tunawaaibisha mbele za watu, halafu tunashangaa wakijifungia vyumbani. Yeye hakuwahi kumfokea mtoto hata mmoja. Mwanaidi alikuwa akimwambia jambo kwa Kiingereza, na yeye anajibu kwa Kiswahili kama vile alilolisikia lilikuwa Kiswahili fasaha. Hakusahihisha, hakutafsiri, hakutikisa kichwa. Wakaweza kuongea hivyo chakula kizima, kila mmoja na lugha yake, juu ya nyangumi au juu ya mwezi. Halafu Jumatano moja nasikia binti yangu, akiwa darasa la nane na kiburi chake chote, anamuuliza kwa Kiswahili, "Mhadhiri, utaongeza kisamvu?" Nilikuwa jikoni. Nikashika sinki kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeomba sentensi ile moja kwa miaka.

Yeye akasema tu, "Nitaongeza, ahsante," akanyoosha sahani.

Kisamvu cha nazi kilikuwa chake. Nilikipata kimegandishwa kwenye duka la Wafilipino, na kila Jumanne nikitoka kazini nilipitia huko, mabasi mawili na kutembea. Watu wa nyumba nyingine walimpikia biriani na pilau, wakaniambia nampa mgeni chakula cha wagonjwa. Aka! Wao walimpikia Mhadhiri. Mimi nilimpikia mtu aliyeniambia mara moja, bila kukusudia, kwamba kwao walikula kisamvu na hajakila tangu aondoke.

Alipenda kwenda kuutazama Mto Don ukiwa umeganda kingo zake. Alitupeleka siku moja, mimi na Mwanaidi na Mwenyekiti aliyekuwa analalamikia magoti njia nzima. Tukasimama darajani. Nikamwambia, "Huu nao ni mto? Sisi kwetu tuna Pangani. Huu ni mfereji." Akasema nisiudharau, kwamba chini ya barafu maji yanakwenda vilevile, hayajasimama hata siku moja. Mwenyekiti akasema hata yeye angependa kwenda, kwenye gari, lenye hita. Basi tukarudi. Lakini darajani pale alikuwa amesimama karibu nami upande wa upepo, akaukinga upepo kwa mwili wake bila kusema neno, na mimi nikajifanya sijaona.

Hapa ndipo mtu ataniuliza mbona sikusema. Binti yangu aliniuliza baadaye, kwa Kiingereza, kwamba si ungemwambia tu? Mwanangu, ningemwambiaje? Yule alikuwa mgeni anayekula kwangu. Mtu akila kwako kila wiki, ukimwomba kitu hawezi kukataa; atakubali kwa haya, kwa sababu ya kisamvu na bitana ya koti. Na mimi sikutaka anikubalie kwa haya. Nilitaka atume mtu, kama watu wanavyotuma, mshenga aje kwa mkubwa wangu akae kwenye kiti, aseme ametumwa na fulani, aseme kwa sauti kwamba nahitajiwa. Nilikuwa na haki hiyo. Ujane haukunivua haki hiyo.

Kila mwaka theluji ikianza kuwa tope, alifunga sanduku lake. Hatukuwahi kumuuliza anaondoka lini. Mgeni haulizwi hilo. Tulijua tu, kwa sababu Jumatano ya mwisho alikula polepole na akaosha sahani yake mwenyewe. Mwanaidi alikuwa akinung'unika siku nzima baada ya hapo. Na mimi nilikuwa nahesabu miezi ya joto kama mfungwa, wenzangu wanafurahia jua, mimi naomba majani yaanguke.

Kisha ikaja ile baridi ya mwisho, sisi tukiwa hatujui kuwa ni ya mwisho.

Alikuja mapema mwaka ule, na alikuja amebadilika. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri. Alimuuliza Mwanaidi kuhusu shule kwa namna ya mtu mwenye nia ya kujua majibu mwaka unaofuata na mwingine unaofuata. Akaniuliza mimi kama vyumba kwenye jengo letu vinapatikana kwa shida. Akaniambia mabasi yamemchosha, kwamba kuna shule ya jioni imemwomba afundishe wazee hesabu na ramani, kazi ya kukaa mahali pamoja. Moyo wangu, jamani! Nilirudi kwenye cherehani yangu kesho yake nikashona zipu kinyume.

Halafu katikati ya baridi akanyamaza ghafla. Jumatano alikuja, akakaa, akala kidogo. Nilidhani mafua. Nikamwekea tangawizi. Akazungusha kikombe.

"Umeonana na Mwenyekiti wiki hii?" akaniuliza.

"Nimeonana naye Ijumaa. Alituletea maembe."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Hakusema kitu?"

Nikafikiri. "Alisema maembe ya Meksiko hayana harufu."

Akatikisa kichwa, akasema kweli hayana. Jumatano iliyofuata akaniuliza tena, vilevile, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Nikamwambia Mzee alikuja, alikagua friji, akaondoka. Akatabasamu tabasamu la adabu, lile analompa mtu asiyemjua. Na Jumatano ya tatu akala polepole na akaosha sahani yake mwenyewe, na nje theluji ilikuwa bado mpaka magotini.

"Mapema hivi?" nikasema. Ndilo neno kubwa nililothubutu.

"Nimeitwa magharibi," akasema. "Mama Mwanaidi, umenikirimu kuliko ninavyostahili." Akamshika Mwanaidi kichwani, akavaa koti lake, akatoka kwenye ule mlango ulioachwa wazi. Nilisikia lifti inafunguka, inafungwa. Jirani akachungulia akasema sasa naweza kufunga, baridi inaingia.

Hakurudi baridi iliyofuata, wala nyingine. Nilipiga namba yake, haikuwa yake tena. Nikajiambia mengi. Nikajiambia kaona mjane mwenye mtoto ni mzigo. Nikajiambia nimezeeka. Nikajiambia nilimpa chakula cha wagonjwa kweli. Jumanne nikitoka kazini miguu ilinipeleka yenyewe kwenye duka la Wafilipino, nafika mlangoni ndipo nakumbuka.

Miaka ikapita. Mwanaidi akaingia chuo kikuu kilicho karibu nasi. Mwenyekiti akaachia uenyekiti, lakini jina likambakia. Siku moja nilikuwa kwake nampunguzia suruali, maana alikuwa amekonda, nimepiga magoti na pini mdomoni, na yeye amesimama kwenye kigoda anaongea kama kawaida yake.

"Yule Mhadhiri," akasema, "alikuwa mtu mzuri sana. Ila taratibu hakuzijua."

Nikaguna tu, kwa ajili ya pini.

"Alitaka kukuposa, unajua."

Nikazitoa pini mdomoni moja moja. Nikamuuliza amesema nini. Akanieleza kwa upole kabisa, bila wasiwasi wowote. Kwamba Mhadhiri alimwendea chumbani siku moja baada ya swala, akamwambia, "Mzee, wewe ndiye mwenyeji wangu, sina mwingine. Naomba uwe mshenga wangu, uende kwa wakubwa wa Mama Mwanaidi."

"Sasa, mwanangu, mimi niende kwa nani?" Mwenyekiti akasema. "Mkubwa wako ndiye mimi! Nijipigie hodi, nijikaribishe, nijiletee ujumbe, halafu nijijibu?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Nimesikia.'"

"Kisha?"

"Kisha nikangoja atume mtu mwingine, kama inavyotakiwa. Nilimwambia na mke wangu aweke halua tayari. Tukakaa na ile halua mpaka ikawa ngumu. Hakutuma mtu."

"Mzee! Kwa nini hukumwambia kwamba mkubwa wangu ni wewe?"

Akanitazama juu ya miwani kana kwamba nimemwambia aende sokoni bila hiyo suruali. "Mkubwa wa mwanamke amwendee mwanamume, amfundishe namna ya kuja kuposa? Hiyo si ingekuwa kama nakutembeza? Mjomba wako alinikabidhi heshima yako. Nisingeweza kuifanya bidhaa. Nina duka, lakini wewe hukuwa humo."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwacha pale kigodani na mguu mmoja mfupi mmoja mrefu. Lakini nilimwona uso, mzee wa watu, anangoja nimsifu kwa kunilinda. Maana kwa hesabu zake alikuwa amenilinda, na tena kwa gharama, kwa sababu alimpenda Mhadhiri kama mdogo wake. Nikarudisha pini mdomoni nikamaliza suruali. Nililia kwenye basi, waziwazi, na mwanafunzi mmoja akanipa tishu.

Sasa hasira zangu zikakosa pa kwenda, na hamu yangu vilevile. Kabla ya hapo nilikuwa na mtu aliyeniacha. Mtu aliyekuacha unaweza kumtukana ukapumua. Baada ya hapo nilikuwa na mtu aliyenihitaji, aliyekaa mezani kwangu Jumatano tatu akingoja nimwambie neno nisilokuwa nalo. Nikimkumbuka akizungusha kile kikombe, nataka kurudi nyuma nimshike ule mkono uliopasuka vidole nimwambie: Mzee hajaniambia kitu, tuma mtu mwingine, mtume hata dereva wa basi.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo.

Ilikuwa baridi, miaka mingi baadaye. Mwenyekiti tulishamzika. Niliona tangazo limebandikwa kwenye duka la Msomali: mhadhara kwa Kiswahili, Regent Park, katika ukumbi wa yale majengo mapya. Jina lilikuwa lake. Nikavaa vizuri, nikavua, nikavaa vibaya, nikavua tena, nikavaa vizuri, nikaenda.

Watu walikuwa wachache. Wengi wa wale wa zamani wamehamia nje ya jiji, na vijana wana vyao. Alikuwa amezeeka, anaongea ameketi, na alihadhiri juu ya sabuni. Sabuni tu, inavyotengenezwa na inavyoshika mafuta. Mikono ilikuwa ileile. Nilikaa nyuma na sikuikosa hata sentensi moja, na leo siwezi kukwambia sabuni inatengenezwaje.

Alipomaliza nikamwendea. Akanitambua kabla sijafika. Akasimama, kwa tabu, akasema, "Mama Mwanaidi," na sauti ikamkatika hapohapo, mtu yule, asiye wa kukatika sauti.

Tukaulizana hali. Mwanaidi ni mhandisi. Mwenyekiti katangulia, alikuwa hajui, akainama, akamwombea. Mwanamke mmoja mrefu, mchangamfu, akaja akanipa mkono, na yeye akasema, "Huyu ni mke wangu." Mtu wa Kisumu, nesi, wanaishi Edmonton, magharibi huko. Jamani, nilitaka nimchukie. Akanikumbatia akasema amesikia habari za kisamvu changu mpaka anakionea wivu, akacheka, akaenda kutafuta makoti yao.

Tukabaki wawili kati ya viti. Nikamwambia yote, haraka haraka, maana makoti hayako mbali. Kwamba mkubwa wangu hapa alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Kwamba alisikia na akangoja aje mshenga mwingine. Kwamba mimi sikuambiwa neno lolote mpaka miaka imepita.

Akasema, "Nilidhani amepiga simu Tanga wamekataa, na yeye anaona haya kuniambia. Nikaona nimwondolee ile haya." Akaanza kucheka, cheko la kweli, mabega yanatikisika, na mimi nikacheka naye mpaka tukashikilia viti. Halafu cheko likaisha.

"Na kama angefikisha," akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini kabisa, "ungejibu nini?"

Mkewe alikuwa mlangoni, anavaa koti. Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumwambia ni mambo ya zamani. Mwanamke mwenye adabu angesema hivyo, na nililelewa kwa adabu.

"Ningekubali kabla Mzee hajamaliza chai yake," nikamwambia.

Akafumba macho, akayafumbua. "Ahsante," akasema, na akanipa mkono, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na mkono wake ulikuwa wa moto. Mkewe akaita kwamba teksi imefika na ngazi zote zina barafu. Akaniachia, akaenda kumshika yeye asije akateleza, wakashuka polepole, ngazi moja moja, na mimi nikawashikia mlango.